Bustani Inayopimwa kwa Ndoo

Mtu anayetaka kulima mboga katika mji wa Lamu hajiulizi kwanza ana ardhi kiasi gani, bali hujiuliza maji atayatoa wapi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tunayoyategemea hutoka katika visima vya Shela, ambako mvua huzama katika vilima vya mchanga na kutulia chini yake, yakielea juu ya maji ya bahari ambayo ni mazito zaidi. Visima vingi vya mjini vina chumvi, vingine kidogo tu, vingine ya kutosha kuacha weupe ukingoni mwa ndoo ikikauka. Ndiyo maana mboga nyingi tunazokula hulimwa bara, upande wa Hindi na Mpeketoni, zikapakiwa magari hadi Mokowe, kisha zikavushwa kwa mashua; na mchicha uliokatwa jana huwa umeshalegea kabla haujafika sokoni.

Mimi ni bibi wa wajukuu watatu ambao wazazi wao wanafanya kazi Mombasa, nao wanakaa nami upande wa Langoni, pale nyumba zinapoanza kupungua na minazi kuzidi. Mkubwa ni msichana wa miaka kumi na miwili, anayemfuata ni mvulana wa miaka tisa, na wa mwisho ni kivulana aliyeanza shule juzijuzi. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja ambacho marehemu mume wangu alikuwa akiwekea mbao na boriti, na kisima kisicho kirefu ambacho maji yake yanafaa kufulia na kuoshea vyombo lakini hayanyweki. Watu wakikiona kiwanja kile husema kwamba ningeweza kulima nusu yake na kuuza. Wanaosema hivyo hawajapata kumwagilia mchanga wa Lamu mwezi wa Februari.

Kwa hiyo kabla ya kushika jembe tulifanya hesabu, na hesabu hiyo nilimwachia mjukuu wangu mkubwa, kwa sababu ni hesabu ya darasani kabisa. Udongo wa kichanga wakati wa jua kali hupoteza takriban lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa siku, sehemu ikipanda hewani kwa joto na sehemu ikinyonywa na mimea yenyewe. Dumu la lita 20, basi, linatosheleza mita 4 za mraba. Tukajiuliza ni maji kiasi gani watoto hawa wanaweza kuyabeba baina ya kurudi chuo cha Kurani alasiri na adhana ya magharibi, bila kuumia na bila kuichukia kazi, tukizingatia kwamba mdogo hawezi zaidi ya kopo na wa kati hawezi zaidi ya nusu ndoo. Jibu lilikuwa dogo kuliko walivyotarajia, na bustani ikatoka kwa ukubwa wa jibu hilo: majaruba matatu membamba, kila moja la upana ambao mtoto anaweza kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani, na la nne kando ya bafu, ambalo nitalieleza.

Nimetumia neno jaruba kwa sababu hatukuinua matuta. Vitabu vingi vya kilimo cha bustani hufundisha tuta lililoinuliwa, na ushauri huo ni mwema kwa mahali penye udongo mzito na mvua nyingi, ambako mizizi huweza kuoza. Katika mchanga wetu tuta la kuinuka hukauka pande zote na maji yakitiwa hutoroka. Tulichimba chini badala ya kupandisha juu, kina cha kama mkono mmoja, tukatandika makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku nzima, sehemu ya nyuzi ikitazama juu, kisha tukarudisha udongo uliochanganywa na mbolea hadi ukabaki chini kidogo ya usawa wa ardhi. Makumbi yanashika maji kwa muda mrefu na huoza taratibu kwa miaka. Hayo nilijifunza kwa wazee waliokuwa wakipanda miche ya minazi, na sikuona sababu ya mchicha kunyimwa alichopewa mnazi.

Mbolea ndiyo iliyowafanya watoto wacheke kwanza. Lamu ni mji wa punda. Ingawa pikipiki zimeingia kisiwani, bado mchanga, mawe, saruji na magunia ya unga hupita vichochoroni migongoni mwa punda, na tangu mwaka 1987 pana hospitali ya punda mjini. Mavi yao hayakosekani, wala hakuna anayeyauza. Watoto walitoka na gunia na sepeto asubuhi za Jumamosi, wakaokota kuanzia Langoni mpaka karibu na ngome, huku wenzao wakiwacheka. Jambo hilo lilimuuma mjukuu wangu wa kike kwa juma moja na halikumuuma tena. Lakini mavi ya punda yana sharti lake. Punda hasagi chakula chake tumboni kama ng'ombe anayecheua, na mbegu za majani huweza kupita ndani yake zikiwa hai, kwa hiyo anayeyamwaga mabichi katika bustani anapanda magugu kwa mikono yake mwenyewe. Tuliyarundika kivulini pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, tukayanyunyizia maji na kuyageuza kila baada ya siku chache. Rundo likipangwa vizuri huchemka lenyewe kwa kazi ya vijidudu, na joto hilo ndilo linaloua mbegu. Yule wa kati alipewa kijiti cha kuchomeka katikati ya rundo, akichomoe baada ya muda na kukishika; siku aliyokiachia ghafla kwa kuungua vidole, alikimbia kuwaita majirani.

Jambo ambalo limenishughulisha zaidi kuliko udongo na maji ni mgawanyo wa kazi baina ya mtu mzima na mtoto. Nimeona bustani kadhaa zinazoitwa za watoto ambazo kwa kweli ni za wakubwa, na watoto ni vibarua: mtoto huambiwa shika hiki, lete kile, usikanyage hapa, na mavuno yakitoka husifiwa kwamba amesaidia. Mtoto si mjinga. Anajua tofauti ya kusaidia na kumiliki. Nilimpa kila mmoja jaruba lake, na kumpa maana yake ni kwamba yeye ndiye anayeamua kinachopandwa, kwa mistari gani, na nani anaruhusiwa kung'oa. Mimi nilibakiza mamlaka juu ya mambo matatu tu, nayo ni panga, kisima na dawa. Kisima kina mfuniko, na anayeteka ni mkubwa wao au mimi. Tena hakuna anayeinua jiwe la tumbawe kwa mkono mtupu, bali hulipindua kwa kijiti kwanza, kwa sababu nge na tandu hupenda ubaridi wa chini yake.

Mamlaka hayo ya mtoto hujaribiwa na wakubwa wengine kuliko na mtoto mwenyewe. Mjomba wao alikuja likizo, akatazama jaruba la yule wa kati ambalo kunde zake zilikuwa zimeota kama zilivyodondoka, mahali pengine tatu pamoja na mahali pengine patupu, na kwa nia njema kabisa akazing'oa na kuzipanga upya kwa kamba. Kunde nyingi zilinyauka, maana mizizi yake haipendi kusumbuliwa, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mume wangu, kama ninavyomwita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, hakuligusa jaruba lile tena mpaka mjomba alipoondoka. Nilipomuuliza alijibu kwa utulivu kwamba zile si kunde zake, ni za mjomba, na mjomba azimwagilie. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilimpa mbegu nyingine, akazitupa kwa namna ileile ya kwanza, na zikaota kwa namna ileile.

Kwa kuwa uamuzi ni wao, kazi yangu ilikuwa kuwaeleza kila mbegu inadai subira kiasi gani kabla hawajachagua. Mdogo alichagua mchicha, na sikumshawishi. Nilimwambia tu kwamba huota baada ya siku tatu hadi tano na huliwa baada ya wiki tatu au nne, na kwa mtoto wa umri wake kitu kisichoonekana juma zima hakipo. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga mkavu ndani ya kifuu ndipo akazinyunyiza, la sivyo angezimwaga zote mahali pamoja. Wa kati alichagua kunde kwa sababu zina matumizi mawili, majani kwanza na punje baadaye. Mkubwa, ambaye namwita mke mwenzangu, alitaka bamia, na bamia ni zao la mtu anayeweza kungoja miezi miwili: huloweka mbegu usiku kucha ili ganda gumu lilainike, husubiri juma zima kuona jani, kisha hutazama mmea ukipanda bila kutoa chochote.

Lakini bamia ikianza haina mchezo. Ua lake ni la manjano laini lenye doa la rangi ya damu ya mzee katikati, hufunguka asubuhi na kufumba jioni ya siku hiyohiyo, na siku chache baadaye tunda limefikia urefu wa kidole. Likiachwa siku mbili au tatu zaidi hukomaa na kuwa na nyuzi zisizotafunika. Msichana aligundua mwenyewe kwamba kuchuma kila baada ya siku moja humfanya mmea uzidi kuzaa, na kwamba matunda machache yakiachwa kukomaa juu yake mmea hupunguza kazi kana kwamba umetimiza wajibu wake. Aligundua pia kwamba vinyweleo vya bamia huwasha, akaomba shati la mikono mirefu la baba yake, na shati hilo sasa linaning'inia mlangoni kama sare ya kazi.

Chumvi ya kisima ilitufundisha mpangilio ambao sasa watoto wanaufuata bila kukumbushwa. Mche mchanga huumizwa na chumvi kuliko mmea uliokwisha kushika, kwa hiyo mbegu na miche hupewa maji baridi, na mimea mikubwa hupewa maji ya kisima, yakimwagwa chini ya shina wala si juu ya majani, kwa sababu tone la maji ya chumvi likikaukia juu ya jani huacha alama ya kuungua. Kwa maji ya namna hii ni afadhali kumwagilia kwa wingi mara moja kuliko kunyunyizanyunyiza, maana maji kidogo hukauka juu na kuiacha chumvi palepale kwenye mizizi. Maharage tuliyajaribu pembeni na hayakufika popote. Ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi, pamoja na karoti na vitunguu. Kunde huvumilia zaidi, na mchicha na spinachi huvumilia vizuri. Masika yakija, mvua huosha chumvi yote iliyokusanyika msimu wa jua, na huwa ni kama bustani imebadilishiwa udongo.

Jaruba la nne, lile la kando ya bafu, ni la spinachi, na halina mwenyewe. Linanyweshwa maji ya udhu. Katika nyumba yenye watu wanne wanaosali, na wageni, maji yanayopita mikononi na miguuni kutwa ni mengi kuliko mtu anavyodhani, na hayana sabuni. Tuliweka karai chini ya mfereji, na anayemaliza kutawadha hulimwaga pale. Mdogo, ambaye bado anajifunza kutawadha na huosha kila kiungo mara nyingi kuliko inavyotakiwa, ndiye mchangiaji mkubwa wa spinachi yetu. Nilimwambia kwamba israfu ya maji haifai hata ukiwa ukingoni mwa mto, akanijibu kwamba maji yale hayapotei, yanakwenda kwa spinachi. Nimemwachia sheikh wake wa chuoni amjibu.

Wadudu walikuja kwa kunde kwanza. Upande wa chini wa majani na kwenye vichomozi vichanga vilijaa vidukari weusi, na sungusungu wakipanda na kushuka kwenye shina. Watoto walidhani sungusungu ndio wanaoila mboga na wakaanza kuwaua, mpaka tulipokaa chini na kutazama kwa kioo cha kukuzia: vidukari hunyonya utomvu wa mmea, hutoa majimaji matamu, na sungusungu huyafuata majimaji hayo, wakiwalinda vidukari dhidi ya wadudu wanaowala kama wachungaji wanavyolinda mifugo. Siku ile hakuna kazi iliyofanyika na sikujali. Kesho yake tulichuma majani ya mwarobaini, ambao katika mwambao wetu umejaa kila kona, tukayatwanga, tukayaloweka usiku kucha, tukachuja kwa kitambaa na kutia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani. Tulinyunyizia jioni, kwa sababu jua huiharibu dawa hiyo upesi na kwa sababu nyuki huwa wameshaondoka, tukarudia baada ya siku chache na tena baada ya mvua. Haiui kwa ghafla. Hupunguza hamu ya mdudu kula na kumvuruga asikue, na mtoto anayetarajia kuona vidukari wakianguka palepale hana budi kuambiwa mapema.

Maadui wengine walikuwa wa Lamu hasa. Paka wa mji huu, kama kila mgeni anavyojua, ni wengi na hawana haya, na jaruba lililolainishwa kwa mikono ya watoto kwao ni choo kilichoandaliwa kwa heshima. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu hung'oa miche bila kuila, kwa utundu tu. Punda akikuta mlango wa ua wazi hana habari ya bamia wala kunde. Tulipata nyavu kuukuu kwa wavuvi, zile ambazo zimeraruka kiasi cha kutofaa baharini, tukazitandaza juu ya fito na kuzikaza pembeni kwa mawe, na mahali palipopandwa mbegu tuliweka matawi ya mkunazi yenye miiba mpaka miche iinuke. Kwa sababu ya paka hao nina amri isiyo na mjadala: hakuna anayeingiza mkono mdomoni kabla ya kunawa kwa sabuni, na mboga huoshwa mara tatu, hata zile ambazo mdogo huapa kwamba hazina hata punje ya mchanga.

Nyanya ndiyo iliyotuingiza katika mazungumzo ambayo sikuyatarajia. Walizipanda mwishoni mwa mwaka, wakati wa kaskazi, zikakua vizuri na kutoa maua mengi, kisha maua yakaanguka takriban yote. Nyanya haishiki tunda vizuri usiku ukiwa na joto sana, na usiku wa Lamu kuanzia Januari mpaka masika yaanze ni wa kulala juu ya dari. Niliwaambia kwamba nyanya hapa hutakiwa kutoa maua wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, upepo unapopoa. Mkubwa akauliza mimi nilijuaje, na hapo nikalazimika kumtaja baba yangu.

Familia nyingi za Lamu na za visiwa vya jirani zilikuwa na mashamba upande wa bara, ya mahindi, ufuta na pamba, na nyingi ziliyaacha wakati wa vita vya shifta katika miaka ya 1960. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mdogo na ninachokikumbuka ni ufuta uliosimamishwa matita ukauke. Baada ya kuhama aliendelea kulima kipande kidogo kisiwani, na alihesabu siku zake kwa miongo, yaani makumi ya siku yanayohesabiwa tangu siku ya mwaka, ambayo ni siku ya kwanza, katika mwaka wa jua wa siku 365 ambao wazee wa mwambao waliutumia kwa kilimo na kwa safari za baharini. Mjukuu wangu hakuelewa kwa nini walihitaji mwaka mwingine ilhali tuna miezi yetu ya Kiislamu. Nilimwambia ahesabu mwenyewe: mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takriban siku 11, ndiyo maana Ramadhani amewahi kuifunga wakati wa masika na ataifunga siku moja wakati wa jua kali. Mvua haifuati mwezi mwandamo. Akachora duara katika daftari, akaweka kusi na kaskazi, masika na vuli, na pembeni akaandika kila zao linapofaa kupandwa, na karatasi hiyo imebandikwa jikoni ikiwa na madoa ya mchuzi.

Kuna mambo mawili ambayo nimeyakataa, ingawa baadhi ya wazazi wenzangu wananiona mkaidi. La kwanza ni kuitumia bustani kama adhabu. Katika shule niliyosoma, mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe, na aliyefanya vizuri aliruhusiwa kukaa darasani. Kizazi kizima kikatoka kikiamini kwamba jembe ni la walioshindwa. Mjukuu wangu akikosa adabu hunyimwa mambo mengine, lakini hapelekwi kupalilia. La pili ni kumlipa mtoto kwa kazi ya jaruba lake mwenyewe. Baba yao alipendekeza awape shilingi kadhaa kwa kila ndoo, kwa nia ya kuwatia moyo, nami nikamwambia kwamba siku atakapokosa shilingi hizo mboga zitakufa. Kuuza ni jambo jingine. Mkubwa anapopata bamia zaidi ya mahitaji ya nyumba huwapelekea majirani wawili ambao ni wateja wake, na fedha ni zake, ila mbegu na sabuni ya dawa sasa ananunua yeye.

Kabla ya kuuza, hata hivyo, zipo sahani. Kwetu sahani ya jirani haiendi tupu wala hairudi tupu, na tangu watoto waanze kuvuna nimeona wakibishana ni jaruba la nani litakalojaza sahani ya mkate wa mofa iliyoletwa asubuhi. Mdogo huhesabu sahani zake kwa sauti. Watu husema mtoto akilima mboga atazila. Kwa nyumba yangu hilo ni kweli kwa nusu. Mchicha wa nazi na majani ya kunde sasa hayabaki chunguni, na wa kati, ambaye alikuwa akitenga kila kijani pembeni mwa sahani, huomba aongezwe. Lakini mdogo hali bamia mpaka leo, hata zilizopikwa kwa samaki na ndimu ambazo dada yake huzisifu, na sikuona sababu ya kuvunja urafiki kwa ajili ya ute wa bamia.

Mwisho wa kila msimu huwa ni wa mbegu, na hapo ndipo nawalazimisha kitu kimoja kinachowauma: mmea bora kuliko yote hauliwi. Mkubwa hufunga uzi mwekundu kwenye mbamia uliozaa mapema na kwa wingi, akaacha matunda yake yakauke juu ya mti mpaka yapasuke. Wa kati hukausha makaka ya kunde juu ya jamvi, akayapiga kwa kijiti na kupepeta, kisha huchanganya punje na majivu makavu dhidi ya fukusi, ndani ya chupa iliyofungwa barabara. Mbegu za kununua tunanunua za nyanya na spinachi tu.

Sasa hivi ubishi uliopo nyumbani ni wa mpapai. Wa kati anautaka, na dada yake anahofia kivuli chake kwenye bamia. Niliwaacha wajadiliane wenyewe, wakakubaliana kwamba shimo lichimbwe upande wa magharibi wa ua, ambako kivuli kitaangukia majaruba jioni tu jua likiwa limeshapungua nguvu, na kwamba dumu moja litolewe katika sehemu ya mwenye mpapai. Nimewaongezea jambo moja walilokuwa hawalijui, kwamba mbegu ya papai haioneshi kama itakuwa dume au jike mpaka mti uchanue. Kwa hiyo watapanda miche mitatu katika shimo moja wakati wa masika, wasubiri maua, wabakize jike moja, na kama kuna dume karibu kwa jirani basi hawana haja ya kubakiza la kwao.